Vifuniko vya miswaki sivitaki

Kile kifuniko cha plastiki kinachokuja kwenye kichwa cha mswaki, mimi sikiingizi nyumbani kwangu. Mwenye duka hapa mtaani Kawempe ameshanizoea. Nikinunua miswaki namwachia vifuniko vyake, naye hucheka, "Mama Rehema hataki vya bure." Sivitaki kweli. Mswaki ukifunikwa ungali na maji, maji hayana pa kutokea. Unashinda mbichi hadi usiku, na vijidudu vya mdomoni, ambavyo kila mtu anavyo hata awe msafi namna gani, vinapata mahali pazuri pa kuzaana. Uache wazi, upepo uupite, ukauke. Vingi vitakufa vyenyewe bila dawa yoyote.

Majirani nimewaambia mpaka wamenichoka, kwa hiyo leo nawaambia ninyi.

Sisi tunakaa mizigo, vile vyumba vya kupanga vya Kampala vilivyojipanga mstari mmoja. Bafu ni la wote, choo cha shimo kiko nyuma, nacho ni cha wote. Wenye vyoo vya kuvuta maji ndani ya nyumba wana la kwao la kuogopa: ukivuta maji bila kufunika choo, matone madogo sana huruka na kutua kwenye vitu vilivyo karibu, mswaki ukiwemo. Kwetu huku adui ni nzi mchana na mende usiku. Mende haoni aibu. Anatoka shimoni, anafuata ukuta, anaingia kwa chini ya mlango, na mabaki ya chakula na ya dawa ya meno kwake ni karamu. Watu wanaacha mswaki bafuni kwenye tundu la ukuta, asubuhi wanautia kinywani, wala hawajiulizi usiku ulikuwa na nani.

Sasa utaniuliza: nisifunike, na mende nimfanyeje? Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu jibu lipo jikoni. Kawa. Lile la ukindu la kufunikia sinia la chakula. Miswaki yetu inasimama dirishani ndani ya bilauri, vichwa juu, mchana inapigwa na upepo, na tukishamaliza kupiga mswaki usiku naigeuzia kawa dogo nililotumiwa na mama. Hewa inapita, mdudu hapiti. Baba Rehema alisema nimeharibu kawa zuri. Ila siku hizi nikisahau, yeye ndiye anayelifunika.

Bilauri yenyewe nayo isisahaulike. Inua miswaki yako sasa hivi utazame chini ya hiyo bilauri au kikombe. Utakuta maji kidogo ya kijivu, na ukipitisha kidole utasikia utelezi kama wa bamia. Mpini umesimama humo wiki nzima, na mpini huohuo ndio unaoushika kila asubuhi. Mimi naiosha kwa sabuni pamoja na vyombo vya chai, naikausha, ndipo miswaki inarudi. Tena miswaki isilaliane. Vichwa vikigusana, cha mmoja kinakwenda kwa mwingine, na hapo hata kila mtu kuwa na wake kunapoteza maana. Vivyo hivyo mdomo wa dawa ya meno: watoto wangu hupenda kuusugua kwenye mswaki ili dawa ikatike vizuri. Nimewafundisha kuidondosha bila kugusa. Wanasahau, nawakumbusha.

Kuazimana mswaki ndiko kusiko na mjadala kwangu. Wifi yangu alikuja kutoka Arua, hakubeba mswaki, akanyoosha mkono kuchukua wa kaka yake. "Si ni damu moja?" Nikamwambia, wifi, hiyo damu ndiyo ninayoiogopa. Fizi hutoka damu, mara nyingine kidogo mno hata huioni, na homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu. Virusi vyake vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi. Uganda ugonjwa huu umekamata zaidi kaskazini, na Arua haiko mbali na habari hizo. Watoto wachanga walianza kupata chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, kwa hiyo sisi tuliozaliwa zamani, kama hujaenda mwenyewe kupimwa na kuchanjwa, huna kinga ya kuambiwa unayo. Wifi alinuna kidogo. Nikamtuma mtoto dukani, mswaki mpya ukaja, chai ikanywewa.

Maji ya kusuuzia. Kampala hapa tunachemsha maji ya kunywa, na walioona homa ya matumbo ya mwaka 2015 hawahitaji kuhimizwa. Lakini mtu huyohuyo, mfereji ukikauka, anachota maji ya chemchemi iliyo chini ya mlima wenye vyoo vya shimo juu yake, anasukutulia na kusuuzia mswaki. Ya nini basi kuchemsha yale mengine? Miswaki yetu inasuuzwa kwa maji ya kunywa, kikombe kidogo tu kinatosha, huku ukisugua nywele za mswaki kwa kidole gumba ulichokwisha kunawa mpaka povu na vipande vya chakula vitoke. Kisha unaukung'uta vizuri.

Jirani yangu mmoja yeye huloweka ya kwake kwenye jiki. Mwingine huichemsha sufuriani, inatoka nywele zimepinda kila upande. Nailoni ni plastiki, na moto haupendi. Hata Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakidai hayo yote: suuza, simamisha, acha ukauke, badilisha kila baada ya miezi mitatu au minne. Tena tushukuru hiyo nailoni, maana kabla haijaingia kwenye miswaki mwaka 1938 watu wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisugua meno kwa nywele za nguruwe. Alhamdulillahi tumezaliwa baadaye. Wazee wetu wa mswaki wa mti walikuwa mbele zaidi: ncha ikichoka wanaikata, wanatafuna mpya.

Kwenye kubadilisha, shule zimenirahisishia. Mwaka wetu una mihula mitatu, na Rehema yuko bweni. Kila akirudi nafungua sanduku lake la bati, na mswaki naukuta umelala ndani ya kisanduku cha sabuni, umefungwa tena na mfuko wa plastiki, nywele zimelala chali, mizizi imegeuka kijivu, una harufu ya kitambaa cha kudekia. Simlaumu. Bweni halina dirisha la kusimamishia mswaki bila kuibiwa. Nimempa mfuko mdogo wa chandarua kuukuu aning'inize kwenye nguzo ya kitanda, na jina lake tumeliandika kwenye mpini kwa msumari wa moto.

Basi tukinunua mahitaji ya kufungua shule, karatasi za chooni, fagio, sabuni, na miswaki ya nyumba nzima inaingia humo humo, kila mtu rangi yake. Baba Rehema hulalamika kwamba wake bado mzima. Naupeleka dirishani kwenye mwanga, namwonyesha nywele zilivyotawanyika, kisha nakata kona ya mpini kwa kisu ili usije ukachanganywa na mipya, unakwenda kwenye ndoo ya viatu. Kola za shati za shule nazo zinautaka, lakini huo wa kola nauweka mbali na wa viatu.