Kumbukumbu ya mradi: kadi za kitenzi «passer»

Seti ya kadi za vitenzi vya Kifaransa imeshamaliza prendre na mettre, sasa iko kwenye passer. Kukinyambua hakuna shida, kwani ni kitenzi cha kundi la kwanza kama parler: je passe, nous passons, vous passez. Kazi yote iko kwenye maneno yanayokifuata.

Kadi ya «passer = kupita» haimo kwenye seti, na haitawekwa. Anayeikariri ataandika «je suis passé l'examen», kwa kuwa ameshika kwamba kupita ni mwendo na vitenzi vya mwendo huenda na kisaidizi être («kuwa»). Badala yake kila kadi inabeba muundo mmoja tu. Mbele kuna sentensi nzima yenye pengo pale panapokaa kitenzi kisaidizi. Nyuma kuna sentensi iliyojazwa, Kiswahili chake, na muundo kwa ufupi, mfano «passer + muda + à + kitenzi»: «J'ai passé deux heures à chercher mes clés», nimetumia saa mbili kutafuta funguo zangu.

Kisaidizi kinaamuliwa kwa swali moja: je, kuna yambwa iliyoungana na kitenzi moja kwa moja, bila chez, par au devant katikati? Ikiwapo, ni avoir («kuwa na»). Isipokuwapo, ni être. «Je suis passé chez toi hier», nilipitia kwako jana. «Nous sommes passés par Kigoma.» Lakini «J'ai passé trois jours à Goma», maana hapa siku tatu zinakaa kama yambwa. Upatanisho wa umbo la passé unafuata hapo hapo: «elle est passée» inachukua e, «elle a passé la nuit ici» haichukui. Yambwa ikitangulia, hali inageuka: «les vacances que nous avons passées à Bujumbura», yenye -ées, kwa sababu vacances ni ya kike na ya wingi. Kwenye maandishi ya zamani utakuta «le facteur a passé» bila yambwa yoyote. Si kosa la uchapaji, ni matumizi ya zamani, ila kadi zinafundisha être.

Wakati wa kupanga, viambishi vya Kiswahili vimesaidia sana. Sentensi za être karibu zote zinaangukia kwenye pita na pitia. Za avoir zinaangukia kwenye pitisha, au zinaacha kabisa mzizi huo, na kundi hili la mwisho ndilo tamu kuliko yote. Passer le balai ni kufagia, passer la serpillière ni kupiga deki, passer un coup de fil ni kupiga simu. Passer la soupe ni kuichuja. Kwenye gari, passer la troisième ni kuweka gia ya tatu. Nomino ndiyo inayobeba maana, passer inabaki kishikizo tu, kama piga yetu katika piga deki, piga simu, piga pasi. Kwa hiyo kadi hizi zimewekewa lebo za nomino (balai, soupe, fil), na mtu anajifunza kirai kizima kwa mkupuo.

Mtihani umepewa kadi tatu peke yake. «Elle a passé l'Examen d'État à Bukavu» maana yake aliufanya mtihani huo wa taifa wa Kongo. Kama alifaulu, sentensi haijasema. Kufaulu ni réussir: «elle a réussi son examen». Anayesema «amepasi» kila siku atateleza hapa, kwa hiyo kadi ya tatu inaziweka mbili hizo pamoja: «Il a passé l'examen mais il ne l'a pas réussi.»

Se passer imegawanywa mara mbili. Bila de, ni kutokea au kwenda: «Qu'est-ce qui se passe ?», kuna nini? «Ça s'est bien passé», mambo yalikwenda vizuri. Ikiwa na de, ni kuishi bila kitu: «Je ne peux pas me passer de thé.» Kiwakilishi chake ni en, na hapo ndipo wengi hukwama: «je m'en passe», siyo «je me le passe».

Kwenye imla, passer, passé na passez hutamkwa sawa. Kipimo kilichoandikwa nyuma ya kadi za imla ni kuweka vendre mahali pake. Ikikubali vendre, andika passer («je vais vendre, je vais passer»). Ikikubali vendu, andika passé. Ikikubali vendez, andika passez. Kipimo hiki hakijali maana ya sentensi, kinasikiliza umbo tu, ndiyo maana kinafaa hata kwa anayeanza.

Kinachofuata ni repasser, nayo inahitaji kadi nne: kupiga pasi (repasser une chemise), kurudia mtihani, kupitia somo tena, na kurudi kwa mtu baadaye. Tatu za kwanza ni za avoir. Ya nne ni ya être: «il est repassé ce matin».