Mianzi ya tropiki inapochipua kuelekea baridi

Usiku umeanza kurefuka, na mianzi yangu ya tropiki ndiyo kwanza inachipua. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Mianzi ya nchi za baridi, ile jamii ya Phyllostachys, huchipua joto linaporudi, ikapata miezi kadhaa ya kujiandaa. Hii ya tropiki husubiri mwisho wa msimu wa joto. Chipukizi hutoka ardhini na unene wake wote, likafikia kimo kamili ndani ya miezi miwili mitatu, lakini bado ni laini na limejaa maji. Kukomaa huchukua miaka miwili au mitatu. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikilikuta katika hali hiyo, ncha hulegea na kuwa nyeusi, na mwanzi huo haurefuki tena.

Ndiyo maana siridhiki na namba moja ya kwenye kibandiko cha mche, ile ya baridi ambayo mmea unaweza kuistahimili. Kati ya aina za tropiki, Bambusa multiplex huhesabiwa kustahimili hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, Bambusa oldhamii karibu 6, na Bambusa vulgaris huungua majani baridi ikishuka kidogo tu chini ya sifuri. Lakini hapo inazungumziwa mianzi iliyokomaa, na baridi ya saa chache za alfajiri. Baridi ileile ikikaa siku kadhaa mfululizo, tena na upepo mkavu, ni habari nyingine kabisa: majani hupoteza maji, na mizizi iliyo kwenye udongo ulioganda haiwezi kuyafidia. Hata mwanzi wa milima ya Afrika Mashariki, unaoota kwenye mita 2,400 na zaidi, umezoea usiku mkali unaofuatwa na mchana wa jua, si wiki nzima ya barafu.

Kwa hiyo nguvu zangu ziko chini. Shina la ardhini likisalimika, kichaka kitachipua upya hata kama mianzi yote ya juu imekufa. Nalifunika kwa majani makavu, unene wa sentimita 15 hivi, yakiwemo ya mianzi yenyewe, kwani yana madini ya silika ambayo mmea utayatumia tena. Mbolea ya naitrojeni nimeisimamisha mapema, isije ikasukuma machipukizi ya kuchelewa. Miche ya kwenye vyungu inaingia ndani: chungu hupoa kutoka pande zote.

Baridi ikishapita, kazi ngumu ni kuzuia panga. Kichaka chenye majani yaliyokauka yote kinatia huruma, na mkono unawasha kukifyeka. Nasubiri. Macho ya kwenye vifundo mara nyingi huwa hai bado, na mwanzi ulio kijani huweza kuvaa majani mapya joto likitulia. Akiba yake ya chakula ndiyo itakayolisha machipukizi yajayo. Nakata tu ule uliokauka hadi shinani, na hata huo naukwaruza kwanza kwa kucha kuona kama kuna ubichi.