Kibao cha 50 njia ya Kondoa

Jana nimeendesha kutoka Dodoma hadi Babati, karibu kilomita 250, lami mwanzo mwisho. Enzi za vumbi mashimo yenyewe yalikupunguza mwendo. Sasa gari linateleza tu, ukishtuka uko 120. Vijijini kuna vibao vya 50, lakini wengi wetu tunavikumbuka pale gari linalokuja linapotuwashia taa kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Mimi taa hizo nimeacha kuziwasha. Faini ya shilingi 30,000 nimewahi kuilipa, na iliniuma kweli.

Kabla ya Kondoa mtoto wa shule alikatiza ghafla akifukuza mbuzi. Nilikuwa 48. Nikasimama hatua chache kutoka kwake. Alinitazama, akamshika mbuzi wake, akavuka.