Nilivyopiga muvi ya mapigano Kigoma kwa hela ya kuungaunga

Mimi ni mwandishi wa riwaya za upelelezi, na kwenye karatasi kulipua boti tatu katikati ya Ziwa Tanganyika hakunigharimu kitu. Ila nilipoamua kuigeuza riwaya yangu iwe muvi hapahapa Kigoma kila sentensi ikaanza kudai hela, mafuta ya boti, kibali cha Bodi ya Filamu, msosi wa vijana wa karate kutoka Mwanga, na kamera ni moja tu kwahiyo pigano lilelile mnalirudia mara kibao kupata engo tofauti huku watu wamechoka na jua linazama.

Aliyenifungua macho ni Michael Crichton, mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyeongoza muvi ya Westworld mwaka 1973 kwa bajeti ya kama dola milioni 1.25, ndogo kwa Hollywood. Adui kwenye muvi hiyo ni roboti, wala hahangaiki kukimbia, anatembea tu taratibu nyuma ya mtu, hachoki, na unaogopa balaa! Nikasema hii ndo yangu. Nikafuta mfukuzano wote wa boti za injini, nikaandika mtumbwi mmoja wa makasia unamfuata mtu wetu usiku kimyakimya.

Na hapa uenyeji unalipa jamani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikolea taa haziwavuti tena kwahiyo vyombo vingi vinapumzika. Nikaenda kwa wavuvi wa Kibirizi, hapahapa Kigoma, kipindi hichohicho, "Shikamoo mzee wangu, naomba mtumbwi usiku huu, asubuhi naurudisha," akanipa kwa hela ndogo tu na vijana wake wakapiga makasia wenyewe, maji wanayajua kuliko mwigizaji yeyote, na mwezi ukatuongezea mwanga bure.

Ngumi tulipiga kwa karibu, kamera nyuma ya bega, mkono unapita pembeni ya shavu, sauti nikarekodi baadaye kwa kupiga gunia la mahindi. Sauti msiibanie hela kabisa, mtu atavumilia picha yenye giza ila sauti mbovu anazima.

Kazi kubwa kwa sisi waandishi ni maongezi. Hela ikikata unatamani wahusika wakae sebuleni waongee tu maana maneno hayalipiwi, na muvi nyingi za bei nafuu zinafia hapo. Mimi jambazi wangu alikuwa na kurasa nzima za kujieleza, nikafyeka zote, kwenye muvi anasema tu, "Piga kasia."