Mkono wangu wa kushoto na kafi la Matema

Basi jamani, mwaka wa tatu huu tangu nitolewe titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na kitu kilichonichosha kuliko hata kemo (zile dawa kali za saratani) ni huu mkono. Siku natoka wodini niliambiwa mama usibebe ndoo kwa mkono huo, usilime, usipimwe presha huko, ukivimba utavimba moja kwa moja. Sasa mimi mtu wa Tukuyu, migomba inanisubiri, majani hayaishi kuota kwa hii mvua yetu, niishije? Nikatii. Watoto wanachota maji, jembe kashika wifi, mimi kibarazani kama mgeni.

Sasa juzijuzi usiku napekua simu (usingizi hamna, hivi vidonge vya homoni vinanichemsha mwili hata kwa baridi ya Juni) nikakuta habari za wamama wa Vancouver, Kanada. Mwaka 1996 daktari mmoja wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Don McKenzie, hakukubaliana na haya makatazo, akachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti, akawapa mazoezi polepole mpaka wakapata nguvu, afu akawapandisha kwenye boti la joka la Kichina, lile refu la mashindano, watu 20 wamekaa wawiliwawili wanapiga kafi, mbele mpiga ngoma, nyuma wa usukani. Msimu ukaisha, hakuna hata mmoja aliyevimba mkono upya. Hata mmoja! Leo timu za hivyo zimejaa nchi kibao, na wakikutana kwenye mashindano wanakusanya boti pamoja wanatupa maua ya pinki majini kuwakumbuka wenzao waliotangulia. Hapo nililia, maana niliyelala naye kitanda jirani hayupo tena.

Nikajisemea boti la joka sina, ila mama mdogo yuko Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa. Sikukurupuka lakini, nilienda kwanza kwa mtu wa mazoezi ya viungo, akanipima mkono kwa futi kamba, akasema anza na dakika tano, vaa ile soksi ya mkono ya kubana, ukiona unauma au mzito acha.

Mama mdogo aliposikia: "We mwanangu, saratani imepanda kichwani?" Lakini Jumamosi asubuhi ziwa limetulia, Wakisi wanashusha vyungu vyao kutoka Ikombe, akaazima mtumbwi kwa jirani. Akakaa nyuma. Nikavuta kwa mkono kama nachota uji, akanigombeza, "usivute kwa mkono, inama, vuta kwa mgongo!" Na kweli, nilivyoinama nikazungusha kiuno mkono ukawa unashikilia tu, mtumbwi ukateleza wenyewe, Milima ya Livingstone ile pale mbele, nikasahau kabisa kama kifua kina upande mmoja. Dakika tano zikawa kumi, hilo msimwambie mtu wangu wa viungo.

Usiku sikulala kwa wasiwasi. Asubuhi nikachukua tepi ya fundi cherehani nikapima, sentimita zilezile. Nikapima tena. Zilezile.

Jumatatu nikachota maji bombani, ndoo ndogo, nusu tu, kwa kushoto. Wifi alipiga yowe mpaka majirani wakatoka wakidhani nyumba inaungua.