Filamu za Halloween kwa watoto wadogo

Wazazi wenzangu mlioko Marekani na Uingereza, 31 Oktoba ikikaribia watoto wataomba filamu za Halloween, sikukuu ya mavazi na hadithi za kutisha. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 chagueni fupi. It's the Great Pumpkin, Charlie Brown ya 1966 haifiki nusu saa. Room on the Broom ya 2012 nayo ni fupi, ila mwambieni mtoto mapema kwamba zimwi la tope linalotokea humo ni wanyama tu, rafiki zake yule mchawi wa hadithi, waliojaa tope.

Msidanganywe na vikaragosi. Coraline ya 2009 ni ya wanasesere, lakini ina mama mwenye vifungo vya nguo badala ya macho, anayetaka kumshonea mtoto vya kwake. Mtoto mdogo huweza kulivumilia joka. Sura ya mama ikibadilika, hapo ndipo usingizi unapotea. Na alama ya PG (Parental Guidance) inayowekwa kwenye filamu maana yake mzazi aamue, si kwamba filamu ni ya wadogo.

Itazame kwanza peke yako. Ukikosa muda, angalia robo ya mwisho, maana vitisho vikubwa hurundikwa huko. Wawekee saa kumi jioni, taa ikiwaka, sauti chini: mara nyingi muziki ndio unaotisha kuliko picha. Mtoto akinyamaza ghafla, amekumbatia mto, haulizi tena maswali, huyo ameogopa. Zima, mpakate, muulize ameona nini. Usimwambie "acha woga".