Mega Man: vipande 28 vya nishati

Jumapili jioni.

Ninapozilinganisha gemu za Mega Man, yule roboti mpiganaji, za NES (mashine ya zamani ya Nintendo), kitu cha kwanza ninachotazama ni nishati ya silaha. Kila silaha unayompokonya bosi ina vipande 28, sawa na uhai wa Mega Man mwenyewe. Gemu nzuri hukufanya uvihesabu.

Mega Man 2, iliyotoka Japani mwaka 1988, ndiyo inayohesabisha zaidi, ingawa ina doa lake. Metal Blade, silaha ya bosi Metal Man, hurushwa pande nane, na kipande kimoja hutoa risasi nne. Ukimmaliza Metal Man mapema, silaha nyingine nyingi zinakaa tu. Ila kwa bosi Quick Man mambo yanabadilika. Levo yake ina miale inayochomoza ukutani, na ikikugusa umekufa. Time Stopper ya Flash Man huigandisha, lakini ukishaiwasha haizimiki mpaka nishati iishe, na silaha hiyohiyo humpunguzia Quick Man karibu nusu ya uhai. Ninavyoona mimi, ikariri miale, Time Stopper umwekee bosi.

Hesabu kali kabisa iko kwa bosi Boobeam Trap, kwenye ngome ya Dk. Wily, adui mkuu. Kuna mizinga mitano, nayo inavunjwa na Crash Bomber, silaha ya mabomu, peke yake. Bomu moja hula vipande vinne, kwa hiyo nishati ikijaa una mabomu saba: matano ya mizinga, mawili tu ya kuta zinazoikinga. Kuta nyingine zivuke kwa Item-1 na wenzake, vyombo vya kupandia. Wengi hukwama kwa kutupa mabomu njiani kabla ya kufika. Ukifa, nishati hairudi, mizinga inarudi. Hapo ua maadui wa njiani uokote vidonge vya nishati, au maliza maisha yote ubonyeze Continue: silaha zitajaa, lakini E-Tank zako, zile za kujaza uhai, zimekwenda.

Ile ya kwanza ya 1987 ni katili bila sababu. Haina nywila ya kuendelea ulipoishia, na miiba hukuua hata ukiwa bado unamemeteka baada ya kuumizwa. Bosi Yellow Devil anapitika kwa kasoro ya programu: mpige Thunder Beam, silaha ya umeme, jichoni, kisha bonyeza Select, kitufe cha kusimamisha gemu, harakaharaka wakati mwale unampita. Kila ukisimamisha gemu na kuiachia, pigo linahesabiwa upya.

Kwa mwendo, ya tatu (1990) naipenda kuliko zote. Bonyeza chini pamoja na kitufe cha kuruka, unateleza na kupita penye upenyo mdogo. Rush Jet, yaani mbwa-roboti Rush aliyegeuka chombo cha kurukia, inakwenda popote unapoielekeza, juu, chini, hata nyuma. Kwenye ya nne inasonga mbele yenyewe.

Na ya nne ndiyo iliyoiharibu hesabu. Shikilia B, bunduki inajaa nguvu, unafyatua risasi kubwa isiyokula hata kipande kimoja. Mega Man 9 ya 2008 iliondoa yote mawili, kuteleza na risasi hiyo, na silaha za mabosi zikapata tena kazi.